Kakakuona Asiyekuwemo Kwenye Jedwali

Jumatatu, saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi, kakakuona alishuka kwenye basi la watumishi pale Mtumba, kwenye ofisi za Serikali, akasimama kwenye foleni ya wageni. Mlinzi, mzee Batholomeo, alimwandika daftarini: anatoka Kilima cha Ilonje, anamtaka Penina wa takwimu, shughuli ya kikazi.

Penina alijua kilichomleta. Mwaka jana, akiwa mwajiriwa mpya, alijaza jedwali la wanyama wa Ilonje kwa ajili ya ripoti ya mkataba wa kimataifa wa bayoanuwai. Gari la idara lilikuwa bovu, kwa hiyo hakwenda. Aliandika kwamba kakakuona hayupo. Ripoti ilipokelewa ughaibuni, na tangu siku hiyo kakakuona wa Ilonje hawakuwepo kisheria. Sasa mwenye machimbo ya kokoto alikuwa amekiomba kilima, na kibali kingetolewa Ijumaa. Ushahidi wa mnyama mmoja tu anayelindwa na mkataba ungetosha kukizuia.

Penina alimpiga picha kakakuona. Picha ilionyesha meza tupu. Alimpandisha kwenye mizani, ikasoma sifuri, ingawa mikono ilimuuma kwa kumbeba. Alirudia mara tatu, akaandika matokeo yote matatu.

Mkurugenzi, Bwana Elisante, aliitwa amshike. Alichanwa kidole na gamba, akafuta damu kwa tishu.

"Mzima kabisa," alisema. "Ila dada, nchi ilishasema hayupo. Marekebisho yanaingia ripoti ijayo."

"Lini, mkuu?"

"Miaka minne. Na uambatishe picha."

"Picha haitoki."

"Ndiyo hapo sasa."

Alhamisi Batholomeo alifanya kama wafanyavyo kwao kakakuona akionekana. Alimwamkia, "Mbukwa," akamwekea mbele maji, uwele na mshale, achague kama mwaka utakuwa wa mvua, wa shibe au wa vita. Watu wa masjala walikuja kutazama. Mmoja alitaka aulizwe habari za kupandishwa vyeo.

"Muulize wewe, si ndiye wa daraja lako, asiyekuwemo kwenye orodha!" mwenzake alimjibu.

Kakakuona alinusa kimoja kimoja, akavipita vyote, akajikunja chini ya kiti cha Penina.

"Kakataa, mzee?" Penina aliuliza.

"Hajakataa, mwanangu. Hana mwaka wa kuchagua."

Ijumaa kibali kilitolewa. Jumatatu baruti ilianza kulipuliwa Ilonje, na Jumanne basi la watumishi lilileta wengine kumi na mmoja, watoto wakiwa wamepanda kwenye mikia ya mama zao. Batholomeo aliwaandika wote. Utawala ulitoa waraka kwamba wasikanyagwe, na wakapewa chumba cha mafaili ya zamani, ambako mchwa hawakosekani.

Miaka minne baadaye fomu ya ripoti mpya ilifika. Penina alimsogeza mmoja aliyelala juu ya kibodi, akajaza: Ilonje, kakakuona, sifuri. Safari hii alikuwa amekwenda mwenyewe kuhakiki, na takwimu ilikuwa sahihi.