Lita Saba za Bibi Ndelilio

Miezi minne Hadija alikuwa akipanda Old Moshi kila Jumanne kukusanya madaftari. Wafugaji kumi na wawili walimwandikia maziwa ya asubuhi na ya jioni. Sita kati yao walilisha ng'ombe wao mashudu ya alizeti aliyowapelekea, sita hawakulisha. Tarakimu hizo ndizo zingekuwa tasnifu yake ya uzamili. Magoti yalimuuma, viatu havijakauka tangu masika yaanze, na kwao mjini mama yake alishaacha kumuuliza atamaliza lini.

Ng'ombe wa Bibi Ndelilio ndiye aliyempa moyo. Alikula mashudu, akatoa lita saba kila jioni, ilhali wa majirani hawakuvuka tano.

Jumanne moja mvua ilimzuia kwa bibi hadi saa ya kukamua. Akamshikia ndoo. Maziwa yalipoisha akatazama alama za ndoo: lita nne. Bibi akanawa mikono, akafungua daftari, akaandika saba.

"Bibi, hizi ni nne," Hadija alisema.

Bibi hakuinua macho. "Najua, mjukuu wangu. Ulipokuja mara ya kwanza ulikuwa umenawiri. Sasa tazama ulivyokonda. Nikasema, kwangu usifeli."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

Hadija aliketi kwenye majani ya migomba. Alitaka kukasirika, akakosa nguvu. "Sikuhitaji maziwa mengi, bibi. Nilihitaji ukweli."

"Hilo hukuniambia."

Kweli hakumwambia. Aliwaonyesha wote namna ya kuandika, hakuwaeleza kwa nini.

Angeweza kunyamaza. Kesho yake alimpigia msimamizi wake, Dokta Sylvanus, akamsimulia yote. "Futa za bibi," Dokta akasema. "Na hizo nyingine, nani amekuhakikishia? Rudia miezi mitatu, uwepo mwenyewe wakikamua, nyumba kwa zamu."

Akarudia. Wenzake walihitimu bila yeye. Mwishowe mashudu yalionekana kuongeza nusu lita tu kwa siku, naye akaandika hivyo hivyo.

Tasnifu ilipopita alipanda tena, nyumba kwa nyumba, kuwaeleza matokeo. Kwa Bibi Ndelilio alifika mwisho.

"Nusu lita," bibi alisema. "Kwa kazi yote ile?"

"Ndiyo, bibi."

Bibi akaenda kumchemshia chai. Aliporudi alimkuta Hadija amelala kwenye benchi, akamfunika kanga.