Mkono wa Mkaguzi

Jumatano asubuhi, kabla ya kuvaa shati la kazini, mkaguzi wa mizani alipiga magoti sebuleni mbele ya tangi lake la kioo. Alidondosha tone la maji kwenye kipima chumvi, akakielekeza dirishani na kuchungulia kwa jicho moja. Kilisoma thelathini na tano, kama kilivyosoma jana na juzi. Aliandika namba hiyo kwenye daftari, akachora mstari kwa rula. Alipoinua macho aliona kwamba anemoni wake amekuwa mweupe.

Jana yake alikuwa na rangi ya chai iliyokolea, na ncha zake zilikuwa za zambarau. Anemoni ni mnyama wa baharini, ingawa wageni humdhania ua: shina laini lililong'ang'ania jiwe, na juu yake vidole zaidi ya mia vinavyochezacheza majini. Sasa alikuwa mweupe pe, hata jiwe la nyuma lilionekana kupitia mwilini mwake. Rangi yenyewe haikuwa imekwenda mbali. Ilikuwa kwenye mkono wa kulia wa mkaguzi, kuanzia kifundo hadi kwenye kucha, na ncha za vidole zilikuwa za zambarau.

Aliosha kwa sabuni ya vyombo, akaosha kwa ndimu, akasugua kwa jiwe la kusugulia visigino. Mke wake alimwambia aache kabla hajajichuna ngozi, kwani chai ilikuwa inapoa. Alimpigia pasi shati lenye mikono mirefu.

Tangi lile lilikuwa na umri wa wiki tatu. Mkaguzi alilinunua kwa sababu binti yao alikuwa ameposwa na wakwe walikuwa wanakuja Jumamosi, naye alitaka wakute kitu sebuleni zaidi ya makochi. Maji, chumvi na mawe alivipata kwa mwanamke mmoja mtu mzima, mwenye duka dogo la samaki wa mapambo, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Maji. Alipoomba na anemoni, Mama Maji alikataa. Alisema tangi jipya ni kama chungu kibichi, halijakomaa. Angoje miezi sita. Mkaguzi hakubishana. Alitoa kitambulisho chake cha kazi, akakiweka juu ya meza, karibu na mizani ya duka. Mama Maji alikitazama kitambulisho, akaitazama mizani, kisha akachukua mfuko na kwenda kumtoa anemoni. Tangu siku ile mkaguzi alikuwa amejiambia mara nyingi kwamba hakumtisha mtu, alikiweka tu.

Jumatano hiyo hakwenda ofisini moja kwa moja. Alikwenda dukani, akamwambia Mama Maji kwamba amemuuzia mnyama mgonjwa. Mama Maji aliuliza chumvi inasoma ngapi. Alijibiwa thelathini na tano, na kwamba anayejibu amekuwa akipima vitu kwa miaka ishirini na miwili.

"Basi sijui, mwanangu," akasema Mama Maji. Aliutazama mkono wa mkaguzi, akasema pole.

Ile pole ndiyo iliyomkera. Alifungua mkoba, akatoa mawe yake ya kupimia, akayapanga juu ya mizani ya duka, ile ya kupimia chumvi na chakula cha samaki. Ilipungua gramu mbili kwa kilo. Sheria inaruhusu tano, na mkaguzi aliijua sheria hiyo kama anavyojua umri wa binti yake. Alitoa kibandiko chekundu, akakibandika kwenye mizani na kukikandamiza vizuri kwa kidole gumba cha zambarau. Mizani yenye kibandiko chekundu haitumiki, na duka la kuuza kwa kilo bila mizani halifunguliwi. Kibandiko huondolewa na yule tu aliyekibandika, kwa fomu yenye sababu. Ni kanuni nzuri. Alikuwa kwenye kamati iliyoiandika.

Alhamisi daktari wa zahanati aliupima mkono, akasema hauna ugonjwa. Alieleza kwamba rangi ile ni vijimea vidogo mno vinavyoishi ndani ya anemoni. Hula mwanga na kumgawia mwenyeji wao. Anemoni akisumbuliwa hutengana navyo, navyo hutafuta pa kwenda. Alimshauri aote jua asubuhi na jioni. Ni kweli, mkaguzi alipouweka mkono kwenye kizingiti cha dirisha la ofisi kwa nusu saa, njaa ya mchana iliisha. Wenzake walimtania kwamba amepata shamba la mkononi, wakaendelea kula.

Jumamosi wakwe walikuja. Baba mkwe mtarajiwa aliushika mkono wa mkaguzi, akaugeuzageuza, akasema huo ni mkono wa mtu wa kazi. Walimsifu anemoni kwa weupe wake, wakadhani ndivyo alivyo. Mkaguzi aliwaacha wadhani. Posa ilikubaliwa, vicheko vikawa vingi, na yeye alikaa pembeni ya kochi akiona haya asizoweza kumweleza mtu.

Mkono ulinawiri na anemoni akakonda. Baada ya wiki moja alikuwa amesinyaa na kuwa mdogo kama yai, mdomo wazi. Mke wa mkaguzi hakumuuliza mumewe. Alijifunga kanga, akaenda hadi kwa Mama Maji, duka limefungwa, akagonga mlango wa nyuma.

Mkaguzi aliporudi kutoka kazini saa kumi na moja jioni alimkuta Mama Maji amepiga magoti mbele ya tangi, pale pale anapopigia yeye, na kopo la kamba waliokatwakatwa pembeni.

"Shikamoo," akasema.

"Marahaba. Zima pampu."

Alizima. Mama Maji alichukua kipande cha kamba kisichozidi punje ya choroko, akakishika kwa kibano, akakigusisha kwenye kidole kimoja cha anemoni na kungoja. Hakusukuma. Muda ulipita mrefu, mpaka mke wa mkaguzi akaenda jikoni akarudi. Kidole kile kilijikunja, vingine vikafuata, kipande kikaingia mdomoni. Alilisha vipande vitatu tu. Alisema mnyama aliyepoteza rangi hana wa kumlisha ndani, kwa hiyo inabidi alishwe kwa mkono, kidogo kidogo, siku moja baada ya moja, na mlishaji asiwe mtu wa pupa.

Kisha aliomba kipima chumvi. Alitoa kichupa kwenye mkoba wake, akadondosha tone la maji yasiyo na chumvi hata chembe, akampa mkaguzi asome. Maji kama hayo husoma sifuri. Mkaguzi alichungulia. Kilisoma tano.

Alisoma tena, kwa jicho jingine. Tano.

"Hukukisawazisha ulipokinunua?"

Hakukisawazisha. Kila asubuhi ya kazi, kwa miaka ishirini na miwili, hakupima mizani ya mtu kabla ya kuhakiki mawe yake mwenyewe. Ndicho kitu cha kwanza walichofundishwa. Hiki alikitoa kwenye boksi, akakiamini kwa sababu ni chake. Thelathini na tano zote za daftarini zilikuwa thelathini, zimepigiwa mistari kwa rula.

Mama Maji alitoa bisibisi ndogo, akazungusha skrubu hadi kikasoma sifuri. "Mganga hajigangi," akasema, na hakuwa na kejeli. Hasira angalau ingempa mkaguzi pa kushika. Alitamani ardhi ipasuke immeze, pamoja na daftari lake.

Mama Maji alimwambia atumbukize mkono. Anemoni aliuinamia, akagusa vidole vya mkaguzi kimoja kimoja, vyote vitano, kisha akajikunja upande wa pili wa jiwe.

"Bado," akasema Mama Maji.

"Kile kibandiko," mkaguzi akasema. "Nitakuja kukitoa. Kesho."

"Haya, baba."

Asubuhi alichukua fomu. Sababu zinazokubalika ni mbili. Ya kwanza ni kwamba mizani imetengenezwa, nayo huhitaji risiti ya fundi. Ya pili ni kosa la mkaguzi, na huandikwa kwa mkono, kwa maneno kamili. Hakuna aliyewahi kuiandika katika ofisi ile. Mkaguzi aliandika: Kosa la m. Kabla hajamaliza neno, ukucha wa kidole chake cha mwisho ulirudi katika rangi yake. Simu iliita, mke wake alikuwa anamwambia kwamba anemoni ametoa kidoa cha rangi ya chai.

Wakati huo mkuu wa ofisi alipita, akamgonga begani na kumkumbusha kwamba orodha ya vyeo inatoka mwisho wa mwezi na jina lake linazungumzwa vizuri huko juu. Mkaguzi aliweka faili juu ya fomu. Alipolitoa faili, ukucha ulikuwa wa zambarau tena. Aliitia fomu kwenye droo, akajiambia orodha ikishatoka ataimalizia. Alijua anajidanganya, na kujua hakukumsaidia kitu.

Mama Maji aliendelea kuja. Hakuuliza habari za kesho, kwa hiyo kesho haikuisha. Mke wa mkaguzi alianza kumlipa, kwa kuwa mama wa watu hakuwa na duka tena. Mama Maji alisema ni heri kuliko kukaa bure, na mkaguzi akaitikia upesi kwamba kweli ni heri. Usiku ule mke wake alimgeuzia mgongo, wala hakukuwa na ugomvi.

Orodha ilitoka. Mkaguzi alikuwa mkaguzi mkuu, akapewa chumba chenye dirisha kubwa la mashariki, ambako mkono wake hushiba kabla ya saa nne. Mwezi uliofuata, pale kwa Mama Maji pakawa duka la magodoro. Mizani ilitupwa uani na kibandiko chake, ambacho hakuna mwingine aliyekuwa na mamlaka ya kukibandua.

Anemoni alipona. Ni mkubwa sasa, mpana kama sahani, na ni mweupe. Mwezi ule binti aliolewa, na picha za harusi zilipigwa mbele ya tangi.

Jana, saa kumi na moja jioni, mkaguzi mkuu aliingia, akavua viatu, akamwamkia Mama Maji. Naye aliitikia, akaupokea mkono wake, akaugeuza kiganja juu na kuubonyeza kwa kidole, kama mtu anayechagua parachichi sokoni.

"Huu umeshiba," akasema, akauachia.

Kisha akapiga magoti na kumwomba amshikie kopo la kamba, kwa kuwa goti siku hizi linamsumbua na hawezi kuinama mara mbili. Mkaguzi mkuu alimshikia kwa mkono wa kushoto, na ule wa kulia akautia mfukoni.