Sauti Nyuma ya Mlango wa Kina Kifefe

Treni inaiacha Itigi jua likiwa utosini, na Mbaruku bin Shomari, mzee ambaye miguu yake haijapata kuelewana na kitanda kimoja, anaegemeza kichwa dirishani na kujiambia atafumba macho tu, hatalala. Binti wa kiti cha mbele anatazama katuni kwenye simu, ile ya kuchekesha ya Kina Kifefe, na Mbaruku anajua ni sehemu ipi. Ni ile ya sufuria la msiba, maana anamsikia jirani, Bwana Chanuo, akibisha hodi na kudai sufuria lake, na sauti ya mwanamke nyuma ya mlango ikimjibu kwa neno moja. Neno hilo ni la Mwanakheri, dada yake Mbaruku. Waliotengeneza katuni walipanga chumba ukuta kwa ukuta na chake, wakabandika magodoro ukutani kuzuia kelele, na siku moja wakamwendea na kinasa sauti wakamwomba awaazime sufuria. Naye akawajibu kama ambavyo angemjibu yeyote, nao wakalichukua jibu lake lilivyo. Mwanakheri ameshazikwa. Hakuacha mtoto aliyerithi sauti yake. Duniani kimebaki hicho kineno, na mashabiki wa katuni wameandika mtandaoni kwamba ni cha mwigizaji mwingine. Mbaruku analiwaza hilo, na magurudumu yanaliwaza pamoja naye, si chake, si chake, si chake, mpaka dirisha linakuwa mlango, na mlango uko wazi, naye anashuka.

Anashuka kwenye stesheni isiyo na jina. Reli inaendelea bila treni, kisha reli inakuwa barabara, na barabara inajikunja na kurudi pale pale, na kila akipita pale pale si pale tena. Mbele kuna mji wa vioo, na ndani ya kila kioo Kina Kifefe wanakimbizana na sufuria, na kioo cha pili kinakitazama cha kwanza, na cha tatu kinakitazama cha pili. Watu wa mji hawana sura. Nyuso zao ni laini kama yai lililomenywa, ila masikio wanayo, na wote wameinama wanasikiliza. Mmoja anasema, mwanzoni Kifefe amevaa kandambili ya bluu mguu wa kushoto, mwishoni ni ya kijani. Tuandike kakosea mchoraji au kabadilisha Kifefe? Mwenzake anasema, wewe una haraka ya kwenda wapi, turudie kutazama kwanza. Na wanarudia, na wakimaliza wanarudia, hakuna anayewatuma, hakuna atakayewashukuru. Mbaruku, aliyepita nchi nyingi akaona watu wakiapa juu ya mambo makubwa wasiyoyachungulia hata mara moja, anasimama na kushangaa: watu hawa wanaogopa kumsingizia hata mtu wa kuchorwa. Kiongozi asiye na sura anamshika mkono na kumuuliza, umekuja na nini, mzee? Nimekuja na jambo ninalolijua, anasema Mbaruku. Kujua ni mguu mmoja, anasema kiongozi, wa pili uko wapi? Mbaruku anatazama chini na kweli ana mguu mmoja, anakwenda akirukaruka, na kiongozi hacheki, anapunguza mwendo ili waende sawa.

Wanafika kwenye ghorofa linaloongezeka urefu kadiri unavyolitazama. Mwenye nyumba anaitwa Nyamizi, naye hana sura, lakini anakaribisha kwa sauti ya mtu anayetabasamu. Karibu, babu, hii ni nyumba ya undugu, nimeijenga mwenyewe. Kwenye sehemu ya sufuria Mama Kifefe anasema nyuma ya mlango, Kaka! Kwa hiyo Bwana Chanuo ni kaka yake. Kwa hiyo watoto wa Kifefe wanapaswa kumwita mjomba. Kwa hiyo wao na watoto wa Chanuo bibi yao ni mmoja. Na kila akisema kwa hiyo, ghorofa jingine linapanda juu, na madirishani mashangazi na binamu wanachungulia na kupunga mikono. Mbaruku anaona haya kusema, lakini anasema: mwanangu, hasemi kaka. Anasema aka! Mji mzima unacheka. Aka ndiyo nini, babu, umeikata kichwa? Ndiyo sufuria sikupi, anasema Mbaruku, ndiyo niondokee mlangoni, ndiyo na usinizoee. Kwetu Pangani mwanamke akishasema aka unakwenda zako, husubiri neno la pili. Mmoja anadakia, loo, herufi tatu zinafanya kazi yote hiyo? Mimi wa Tabora ningehitaji asubuhi nzima kukunyima sufuria!

Nyamizi peke yake hacheki. Na ile K ya mwanzo, babu, inatoka wapi? Sijui, mwanangu, anasema Mbaruku. Basi turudie, anasema Nyamizi. Wanaivuta sauti taratibu, na mji wote unakwenda taratibu, vioo vinapepesa taratibu, hodi ya Bwana Chanuo inakuwa ndefu kama barabara, kisha kitu cha chuma kinagonga, k, kinanyamaza, na ndipo inakuja, aka. Wote wameisikia. Komeo, anasema Nyamizi, ni komeo la mlango. Mwenzake anamshika kanga, shoga, umehangaika na nyumba hii miaka! Nimeijenga juu ya komeo, anajibu Nyamizi, na anachomoa tofali la chini kwa mkono wake mwenyewe. Maghorofa yanashuka bila vumbi, na mashangazi na binamu wanatoka na mikeka yao kwapani, wanaagana, wanakwenda kuwa majirani tu. Mbaruku anataka kumpigia mtu huyu magoti.

Na aliyesema ni nani? anauliza Nyamizi. Dada yangu, Mwanakheri binti Shomari. Chanzo? wanauliza wote kwa pamoja, bila ubaya, kama wanaojuliana hali. Chanzo ni mimi. Kiongozi anasema, shahidi akiwa mmoja, nani atamshuhudia shahidi? Mbaruku anaona kineno kile kikienda tena kwa mwingine. Dada mwenyewe, anasema, nipeni mlango. Wanausimamisha mlango barabarani, hauna nyumba. Anabisha. Hodi, dada. Ni mimi, Mbaruku, niazime sufuria. Komeo linagonga. Aka! inasema sauti, na lile la kwanza liko wapi, mzururaji wee? Mbaruku anacheka huku machozi yanamtoka, na mji wa masikio umetulia tuli, na Nyamizi anaandika, na anapoinua uso kumtazama pameanza kuonekana kitu kama macho.

Babu, unacheka usingizini, anasema binti wa kiti cha mbele. Treni inakwenda. Mwanangu, anasema Mbaruku, hebu nisomee mashabiki wameandika nini juu ya ile sauti ya mlangoni. Binti anatafuta, anasoma: neno ni aka, si kaka, mlio wa kwanza ni komeo. Sauti ni ya Mwanakheri binti Shomari. Chanzo: nduguye, ana kwa ana. Kaandika nani? Hawa huwa hawaweki picha zao, babu, lakini imeandikwa leo hii. Mbaruku anashika ukingo wa kiti kwa mikono miwili. Leo sijasema na mtu, anasema, nimelala hapa hapa tangu Itigi.

Tangu Itigi vipi, babu, anasema binti, wakati ulishuka kwanza, ukarudi ndipo ukalala? Mimi ndiye niliyekutunzia kiti.