Harusi Mbili kwa Skrini Moja

Watu wa parokia ya Kilburn, London, waligombana wiki nzima juu ya harusi ya mtu ambaye hata hakuwajua. Juni ya mwaka 1999 mtoto wa mwisho wa Malkia wa Uingereza alikuwa anaoa, na siku hiyo hiyo, Jumamosi, Waayalandi wa parokia walikuwa na tamasha lao la kila mwaka, na filimbi zao, na soseji zao, na watoto wao wanaocheza kwa miguu tu huku mikono imebanwa ubavuni. Padri Lawrence, kijana mwenye nia njema na haraka nyingi, akasema mkataba wa amani wa kwao Ayalandi ulishatiwa saini mwaka uliopita, majirani Waingereza wamenuniwa vya kutosha, basi iwekwe skrini kubwa ukumbini, waalikwe waje kuitazama harusi pamoja na wenzao. Weee! Ungedhani amependekeza kuliuza kanisa.

Kizito ndiye aliyekuwa mwangalizi wa ukumbi ule. Alifungua milango, alipanga viti, alipiga deki, na kwa kuwa Wakongo wa mashariki walikuwa wakisali pale misa ya mchana, alipewa pia kiti kwenye kamati ya tamasha, awe sauti yao. Miaka miwili sauti hiyo haikutoa neno. Mambo ya Waayalandi na Waingereza aliwaachia wenyewe, maana mtu aliyekimbia vita vya Bukavu haendi kujitafutia vingine Kilburn. Safari hii, lakini, alikuwa na lake.

Dada yake mkubwa, Annonciata, ambaye Kizito alimwita Yaya na wengine wote Mama Miradie, aliingojea ile skrini kuliko Mwingereza yeyote. Binti yake wa pekee, Miradie, aliolewa mwezi wa kwanza, kule Kadutu, Bukavu, na mama hakuweza kwenda. Ombi lake la ukimbizi lilikuwa halijajibiwa, na katika hali hiyo ukitoka Uingereza ndiyo umetoka. Kaseti ya harusi ilimfikia mwezi wa tano ndani ya mkoba wa msafiri, naye akaifunga kwenye kitenge, akailaza chini ya mto, chumbani kwake Barking. Hakuitazama. Watu wenye televisheni walimkaribisha kwao, akakataa.

"Harusi bila batu ni matanga," alisema kwa Kiswahili cha kwao. "Batu bote bakuwe pale, njo nitaangalia."

Ndipo akakutana na Vinod. Vinod alizaliwa Kisumu, alikuwa na duka la televisheni na video Southall, na skrini ilikuwa yake. Alipokuja kuupima ukuta akawasikia ndugu wawili wakiongea Kiswahili, akaacha futi yake chini akaja kusalimia. Nusu saa baadaye alikuwa ameshaijua kaseti, kitenge na mto.

"Mama, wewe lete tu," alimwambia. "Wakimaliza ya prince, naweka yako. Skrini si ni ile ile?"

Basi Mama Miradie akawa hana la kusema ila hilo. Kila alipokwenda kuosha wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee alikofanya kazi, kila alipopanda basi, aliwaalika watu. Gervais, Mkongo mwenzao ambaye hakuwahi kukosa zamu ya Jumamosi tangu afike London, aliomba ruhusa.

Halafu Jumatatu simu ya Kizito ikalia. Alikuwa kaka yao mkubwa, amevuka mpaka hadi Cyangugu, Rwanda, kutafuta mtandao. Miradie amefariki. Mimba ya miezi mitano iliharibika, damu ikakataa kukatika, na hospitali haikuwa na damu ya kumwongezea. Ameshazikwa.

"Usimwambie peke yake," kaka alisema kabla simu haijakatika. "Batu bakuwe pale."

Kizito hakuhitaji kuambiwa. Kwao habari ya msiba haipelekwi na mtu mmoja, wala haisemwi kwenye simu. Watu hukusanyika kwanza, wanawake wawili watatu wenye nguvu hukaa karibu na mfiwa ili wamshike, ndipo mkubwa hufungua mdomo. Lakini kukusanya Wakongo London ni kazi kuliko kupata visa. Huyu yuko zamu ya usiku, yule analala mchana, mwingine ana wazee wawili wa kulisha upande wa pili wa mji. Siku pekee ambayo wote walikuwa wameomba ruhusa ilikuwa Jumamosi, na waliiomba ili waone harusi ya marehemu.

Akaenda kwa Mama Armelle, mkuu wa akina mama wa jumuiya. Yule mama alilia kwanza, akafuta uso, akauliza swali ambalo Kizito alikuwa akilikimbia.

"Aone kwanza, ao ajue kwanza?"

"Sijui, Mama."

"Wewe njo ndugu yake. Utasema wewe."

Kizito akakosa usingizi. Alimwona dada yake amesimama mbele ya skrini, anampigia vigelegele mtoto aliye kaburini, na ukumbi mzima unamtazama ukijua. Alichukia hata kufikiri. Mtu haachwi acheze mbele ya watu wanaojua kwamba nyumba yake imeungua. Basi akaomba Mungu, tena kwa dhati, Waayalandi wagombane vizuri na skrini isije.

Kamati ilikaa Jumatano. Aliyewaongoza wapinzani alikuwa mzee Malachy, fundi mwashi mstaafu, mtu wa maneno machache na goti bovu.

"Ndugu yangu Declan alipigwa risasi na askari wa Malkia mtaani kwetu, mwaka sabini na mbili," alisema. "Nimeishi nchi hii, nimewajengea barabara. Sina ugomvi na bwana harusi, Mungu ampe watoto. Lakini ukuta huu niliujenga kwa mikono yangu, bila ujira. Picha za jumba la Malkia hazitawekwa juu yake."

"Ni harusi tu, Malachy!" mama mmoja akapiga kelele. "Keki na gauni!"

"Kwako."

Mikono ikanyoshwa, ikawa nusu kwa nusu. Hapo ndipo wote wakamgeukia yule mwenye funguo, ambaye miaka miwili hakuwahi kuulizwa. Padri Lawrence akatabasamu, maana alijua Wakongo wanaitaka skrini. Kizito akanyosha mkono upande wa Malachy. Tabasamu la padri likakauka, na Vinod akaarifiwa aipeleke skrini yake Stanmore, kulikokuwa na watu wanaiomba.

Siri haikai London, hasa iliyosemwa mbele ya padri. Kesho yake asubuhi Mama Miradie alikuwa mlangoni, bado amevaa sare ya kazini.

"Ni wewe ulikataa?"

Kizito akashika fagio.

"Kizito, minakuuliza. Wazungu baligombana, sawa, ni mambo yao. Lakini mukono wa mwisho ulikuwa wako."

"Yaya, kuna sababu."

"Sema."

Angesema nini? Walikuwa wawili tu, na mtu mmoja hapasui habari kama hiyo. Mama Miradie alingoja, kisha sauti yake ikashuka, ikawa ya mtu anayeuliza kwa kutaka kujua kweli.

"Mutoto wangu alikukosea nini?"

Akaondoka. Kizito alikaa kwenye ngazi za jukwaa, akalia kama mtoto aliyepigwa. Hapo mzee Malachy akaingia. Alikuja kushukuru, na kofia tayari alikuwa ameivua.

"Sikujua kama unaielewa habari yetu," alisema, akimpa mkono.

Shukrani hiyo ilimchoma Kizito kuliko lawama ya dada yake. Mtu ana haki ya kushukuriwa kwa wema alioufanya, si kwa hila. Kwa Kiingereza chake cha kuokoteza akamwambia mzee yote: kaseti, simu, binti, Jumamosi, na kwamba mkono ule aliunyosha kwa sababu yake mwenyewe, si kwa ajili ya Declan. Malachy hakukasirika. Alivuta kiti akakaa, mguu wenye goti bovu ameunyosha mbele.

"Siku Declan alipokufa mama yetu alikuwa harusini," alisema. "Binti wa dada yake. Mimi ndiye niliyetumwa. Nimefika mlangoni nikamwona anacheza, na mama yangu, nakwambia, alikuwa hachezi mara nyingi. Nikapita katikati ya watu nikamshika mkono. Wimbo ulikuwa haujafika nusu."

"Ulifanya vizuri," Kizito alisema.

"Ndivyo nilivyodhani. Mama hakunilaumu kwa habari hata siku moja. Alinilaumu kwa wimbo. Mpaka anazeeka, mpaka amesahau majina yetu, alikuwa ananiambia, ungeniachia ule wimbo uishe, Malachy. Usingekupunguzia kitu."

Malachy hakumshauri kitu. Alivaa kofia, akasimama kwa taabu, akatoka, na Kizito alimwona kupitia dirishani anavuka uwanja kwenda nyumba ya padri. Ijumaa habari ikazagaa kwamba yule yule aliyepinga amegeuza mkono wake, na hasemi kwa nini. Rafiki zake wa miaka ishirini na zaidi wakamwita msaliti. Vinod akageuza gari, na watu wa Stanmore wakatafuta skrini kwingine.

Kizito naye alikuwa ameshakata shauri. Akampigia simu Mama Armelle: aone kwanza.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Waingereza wachache walikuja na aibu yao na keki zao, wakakaa mbele, na harusi ya mtoto wa Malkia ikapita juu ya ukuta wa Malachy na farasi wake na kofia zake. Waayalandi wengine walipiga makofi, wengine walisusa, wakabaki uwanjani na fidla zao, wakipiga kwa nguvu makusudi. Malachy hakuwa huku wala kule. Alisimama nje peke yake, ameipa skrini mgongo, bilauri mkononi. Meza aliyozoea kukalia ilikuwa imejaa, na hakuna aliyemsogezea kiti.

Ilipokwisha, Vinod akachukua kaseti kutoka kwenye kitenge. Mama Miradie alikuwa amevaa gauni la mama wa bibi harusi, lenye mabega ya kusimama, alilolishona tangu Desemba akijua halitapanda ndege. Kwa Kizito hakutazama. Mlango ukafunguka nyuma, Malachy akaingia, akakaa kiti cha mwisho, kofia magotini.

Miradie akatokea ukutani, mkubwa kuliko milango ya kanisa. Mama akapiga kigelegele cha kwanza peke yake, kirefu, kikakwaruza. Kizito alifumba macho. Kisha akamsikia Mama Armelle akipokea, na wa pili, na wa tatu, mpaka ukumbi wote ukawa unalia kwa shangwe, na machozi yalipomwagika hakuna aliyeyashangaa, kwani nani halii harusini?

Ikafika keki. Bibi harusi hulisha wazazi, ndiyo desturi. Miradie alikata kipande akaenda kwenye kiti cha mama, kilichokuwa kitupu, kimetandikwa kitenge. Alisimama pale kidogo, hajui afanye nini na mkono wake. Halafu akageuka, akamwendea mpiga picha, akakinyosha kile kipande mpaka kikaziba skrini karibu yote.

"Mama," alisema akicheka, "kula basi."

Na Mama Miradie, mbele ya watu wote, akafungua mdomo.

Kaseti ikaisha. Taa zikawashwa. Akageuka kuwashukuru watu, uso bado unacheka, akaona hakuna aliyeinuka. Hakuna aliyetazama saa. Gervais alikuwa pale, na watu wa zamu za usiku walikuwa pale, na wale wasiopatikana hata Pasaka. Mama Armelle alikuwa amesogea karibu yake upande mmoja, na mwanamke mwingine upande wa pili. Akawatazama mmoja mmoja, kicheko kikawa kinamwisha polepole, mpaka akamfikia ndugu yake.

"Kizito," alisema. "Batu bote biko hapa juu ya nini?"

Kizito alikuja mbele akapiga magoti. "Yaya," alisema, "Miradie ametuacha. Habari ilinifikia Jumatatu."

Wanawake walimshika, lakini hakuanguka. Waswahili husema kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Hapa wa mbali walikuwa wamelia siku nzima na mfiwa alikuwa bado. Alisimama, akitazama ukuta mweupe ambako mtoto wake alikuwa sasa hivi.

"Njo maana ulikataa," alimwambia Kizito.

"Njo maana."

"Ungeninyima keki yangu."

Mama Miradie akamgeukia Armelle.

"Na ninyi, wakati munapiga vigelegele, mulikuwa munajua?"

"Tulijua, Mama Miradie."

Akatikisa kichwa taratibu, mara nyingi. Akavua viatu vyake vya harusi, akaviweka pembeni.

"Basi mumenisaidia kumuoza," alisema. "Sasa munisaidie kumulilia."

Akakaa sakafuni, na hapo ndipo sauti ilipomtoka. Wanawake wakakaa kumzunguka, Vinod akafunga pazia, na uwanjani lazima kuna mtu aliyewaambia wapigaji, maana fidla zilinyamaza. Mzee Malachy alishika ukingo wa kiti, akakunja goti lake bovu, akashuka chini pamoja nao.