Sikukuu ya Jirani

Utotoni kule Ulyankulu, Prisila aliipenda Krismasi kuliko siku zote. Sasa ana nyumba yake Mtendeni, na Krismasi kwake ni kupepeta mchele na kuosha masufuria ya wageni mpaka kiuno kimuume. Siku hizi anaipenda Idi. Kazini haendi, jikoni hawashi moto, na jirani yake Mehjabeen humletea sahani ya biriani.

Idi hii, sahani ilichelewa. Mehjabeen alipobisha hodi, macho yalikuwa mekundu kwa moshi na usingizi.

"Idi Mubarak, mama Aleksi. Wewe kula, mimi niketi kidogo."

"Na wageni wako?"

"Wamejaa sebuleni, wanangoja chai. Dada, mimi siku hizi naingoja Krismasi yako tu. Ukishaniletea pilau, nalala mchana kutwa."

Prisila alicheka, kisha kicheko kikamwishia mdomoni. Akatandika mkeka, akampa mto.

"Lala. Wakija kukuulizia, sijakuona."

"Utasema uongo kwa ajili yangu?"

"Nitaungama Jumamosi. Lala, shoga."

Mehjabeen akajilaza. Prisila akachukua sahani, akaenda kula biriani mlangoni.