Mfano wa Mzee Awadhi

Kichwa cha Kuluthumu kilikuwa katikati ya magoti ya Najiat, nusu kimesukwa yeboyebo, nusu bado timtim, simu ya Najiat ilipolia kuleta neno la siku. Kila asubuhi ilileta neno gumu la Kiingereza, maana yake na sentensi ya mfano. Hoteli mpya karibu na stesheni ilitafuta mtu wa mapokezi, na usaili wa Jumatatu ulikuwa ung'eng'e mwanzo mwisho. Najiat alishachoka kusuka vichwa vya watu kwenye baraza la nyumba ya kupanga, pale mtaa wa Cheyo.

Tabu ilikuwa hiyo mifano. Mara John kaegesha boti yake, mara Mary kapotelewa na mbwa. Neno likiingia asubuhi, adhuhuri limeshatoroka. Kuluthumu ndiye aliyeuliza kwa nini wasiweke watu wanaowajua. Tangu hapo baraza halikukauka watu. Hata Mhoja, mamantilie wa Nzega aliyepanga chumba cha uani, alihamishia pale ungo wake wa maharage asipitwe.

Reluctant ni mtu anayefanya jambo shingo upande: Mzee Awadhi is reluctant to open the tap. Exorbitant ni bei ya kupitiliza: Mzee Awadhi's rent is exorbitant. Kweli tupu. Mwenye nyumba huyo alifunga bomba kwa kufuli kutwa nzima, wapangaji wakanunua maji ya mkokoteni, na kodi akaipandisha vilevile. Neno lililopitia kwake halikusahaulika.

Leo lilikuwa evict, kumtoa mpangaji kwenye nyumba. Walikuwa wakibishania mfano, Mzee Awadhi mwenyewe alipotokea na kanzu yake, ufunguo wa bomba mkononi. Shikamoo zikamiminika. Akaitikia, akavuta kigoda. Hakuwa na hasira, alitaka kujua tu. Kila akipita anasikia jina lake ndani ya Kizungu, wanasemaje?

Mhoja akainamia maharage. Najiat angeweza kusema exorbitant maana yake mkarimu, nani angemsuta? Lakini yale maneno alikuwa ameyapata kwa jasho. Akayafasiri yote kama yalivyo.

Mzee akaomba arudie lile la kodi. Akalijaribu mdomoni, kisha akauliza la leo. Akaambiwa.

"Na mfano wake?"

"Bado hatujapata, baba."

"Basi huu hapa. Najiat atahama mwisho wa mwezi." Akainuka. "Mnitafsirie vizuri."

Akaondoka na ufunguo wake.

Najiat alisuka mstari mzima. Kisha akaanza, polepole: Mzee Awadhi evicted Najiat.

"Because," akadakia Mhoja, ambaye siku zote hizo alikuwa msikilizaji tu. "Malizia, mwanangu. Because nini?"

"Because she answered him." Kwa sababu alimjibu.

Wakairudia sentensi hiyo wote watatu, mpaka Kuluthumu naye akaishika. Jumatatu kwenye usaili, wakimuuliza Najiat anakaa wapi, atawapa hiyo.