Sentensi Elfu Tatu na Mia Mbili

Saa moja na dakika kumi na nne asubuhi, skrini ya laptopu ilionyesha mistari sita ya maandishi meupe kwenye weusi, ikaganda. Mstari wa mwisho ulisema kwamba kiini cha mfumo, yaani programu inayoamka kabla ya nyingine zote, kimeshindwa kuifikia diski. Mwalimu aliinakili mistari yote sita kwenye daftari, herufi kwa herufi, kisha akazima na kuwasha tena. Ilirudi ileile.

Alikuwa amefundisha jiografia kwa miaka kumi na saba. Miezi minane kabla ya asubuhi hiyo, madaktari walimtoa uvimbe wa kooni pamoja na kikoromeo, na tangu siku hiyo hakutoa sauti. Kabla ya upasuaji alikaa siku kumi na tisa mbele ya maikrofoni akisoma sentensi elfu tatu na mia mbili. Laptopu ilizitumia sentensi hizo kusema lolote aliloandika, kwa sauti yake mwenyewe. Aliichagua kwa uzito: kilo moja na robo, ya kubebwa kwa mkono mmoja darasani. Diski yake ilikuwa ndogo na mfumo wake ulikuwa Linux. Nakala nyingine ya sauti haikuwepo. Alikuwa akipanga kuitengeneza tangu mwezi wa tatu.

Saa nne kamili kamati ya shule ingekaa kuamua kama arudi darasani au ahamishiwe stoo ya vitabu. Ndiyo maana saa kumi na mbili alfajiri aliyakubali masasisho yaliyokuwa yakimsubiri wiki nzima. Alitaka kila kitu kiwe sawa.

Alimtumia shemeji yake ujumbe; huyu, mdogo wa mume wake, alikuwa fundi simu. Alifika saa mbili kasoro dakika kumi na mfuko wa bisibisi.

"Shemeji, umeiua?"

Mwalimu alijibu kwa daftari, kwa herufi kubwa. "Nimeisasisha."

"Si ndiyo hiyohiyo!" Alivuta kiti. "Usiwe na wasiwasi. Simu ikigoma hivi naifuta, naipakia mfumo upya, nusu saa tu. Flashi hii hapa, Linux nzima imo ndani."

Aliichomeka. Mwalimu aliichomoa, akaandika: "Ukifuta, sauti inakwenda."

"Sauti zimo humuhumu?"

"Zote."

"Na nakala?"

Mwalimu aliandika: "Hakuna."

"Na wewe ndiye unayewafokea watoto wa watu kwa kusahau madaftari nyumbani!"

"Fanya kazi," aliandika Mwalimu, akamsogezea ukurasa aliokuwa ameujaza kabla hajafika. Jana mashine iliwaka. Kilichobadilika ni masasisho peke yake. Masasisho yalileta kiini kipya, na kwa kawaida kile cha zamani hakiondolewi mara moja. Basi kijaribiwe cha zamani.

Fundi alisoma mara mbili. Katika kibanda chake hakuna aliyewahi kutaka kujua simu iliugua nini. Waliwasha wakiwa wamebana kitufe, menyu ikatokea, na kiini cha zamani kilikuwa pale, mstari wa pili. Saa mbili na dakika tano ukurasa wa nenosiri ulifunguka. Mwalimu aliandika nenosiri. Skrini ilipepesa, ikarudi kwenye nenosiri. Ilifanya hivyo mara tatu.

"Inakukataa kama mama mkwe wangu anavyonikataa mimi," alisema fundi.

"Nenosiri likiwa na kosa huwa inasema. Haijasema."

Walifungua ukurasa wa maandishi matupu, usiohitaji picha wala madirisha. Huko nenosiri lilikubaliwa. Mwalimu aliuliza hali ya diski. Jibu lilikuwa kwamba imejaa asilimia mia moja.

Masasisho yalikuwa yameijaza diski, na faili moja la kiini kipya likaandikwa nusu. Kiini cha zamani kilikuwa kizima, ila mfumo haukuwa na nafasi hata ya kufungua dirisha moja.

Fundi alipanga mafolda kwa ukubwa. La kwanza lilikuwa la sauti, gigabaiti nne.

"Sentensi elfu tatu za nini, shemeji? Tufute nusu. Kaka yangu mwenyewe hasikilizi maneno mia kwa mwaka."

Mwalimu alimshika kifundo cha mkono na hakukiachia mpaka vidole vya fundi vilipoondoka kwenye kibodi. Kisha alionyesha folda la pili: vifurushi vya masasisho vilivyokwisha pakuliwa, gigabaiti tatu, visivyo na kazi tena.

"Sawa, hivyo vinafutika," alisema fundi, safari hii bila mzaha. "Lakini mashine ikiwa hivi siwezi kukuapia. Tuitoe sauti nje kwanza. Na pa kuiweka ni kwenye flashi yangu tu, ambayo imejaa."

"Futa yaliyomo."

"Nikifuta halafu hii ikagoma, sina cha kuipakia upya. Utakwenda kwenye kamati na daftari."

"Mfumo unapatikana popote. Hii haipatikani."

Fundi aliifuta flashi yake. Kunakili kulichukua dakika kumi na nne. Mwalimu alihesabisha mafaili pande zote mbili: elfu tatu na mia mbili, na elfu tatu na mia mbili. Ndipo akavifuta vifurushi na kuuamuru mfumo umalize kazi uliyoiacha njiani. Waliwasha upya bila kugusa kitufe chochote. Saa tatu na dakika mbili kiini kipya kiliamka na madirisha yote yakafunguka.

Mwalimu aliandika. Laptopu ikasema, "Rudi kibandani, fundi, ukaendelee kufuta simu za watu."

"Na umbea wako umepona wote," alisema fundi, akakusanya bisibisi ambazo hakuzitumia. Flashi aliiacha mezani.

Kamati ilikaa saa nne na dakika saba. Mwenyekiti aliuliza darasa la watu arobaini na watano litafanya nini wakati mwalimu anaandika.

"Litaandika pia," ilisema laptopu. "Na nitamaliza mimi kwanza."

Mwalimu wa hesabu, aliyekaa naye meza moja ya ofisi kwa miaka kumi, aliinua kichwa kutoka kwenye makaratasi yake. Yalifuata maswali mengine manne. Uamuzi ulitolewa kabla ya saa tano: kidato cha pili, wiki sita za majaribio.

Jumatatu, saa mbili na dakika ishirini, katika kipindi cha kwanza, laptopu ilimwambia mwanafunzi wa safu ya nyuma afunge dirisha. Mwanafunzi aliinuka, akalifunga.